Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

Mimi, Fundi Omari wa Ndia Kuu, nilifika umri wa miaka hamsini nikiamini kwamba duniani hakijabaki kitu cha kunishangaza. Nyinyi vijana msinikodolee macho, hicho si kiburi cha bure. Mtu aliyeanza maisha kwa kubeba marobota ya kanga Biashara Street, miguu chini haina kitu, akaishia na duka lake mwenyewe, jiriwa tatu za chuma za kubania vitabu na nyumba ya mawe aliyoijenga bila kumkopa hata shemeji, huyo atashangazwa na nini? Nimemuona tajiri mwenye maduka manne akilia kama mtoto kwa sababu wadudu wametoboa daftari lake la wadeni. Nimeletewa msahafu uliotolewa ndani ya nyumba iliyoungua, kingo zote makaa, na katikati herufi haikuguswa hata moja. Nikaupangusa, nikaushona, nikaenda kula wali wangu wa mchana.

Elimu yangu ni chuo cha Kurani na shule mpaka darasa la tatu. Yaliyobaki nilijisomea mwenyewe kwenye vibao vya maduka na mikebe ya samli. Kazi yangu miaka thelathini na mitatu ilikuwa kujalidi vitabu, yaani kukichukua kitabu kilichochoka, kukifungua mgongo, kukishona upya na kukivisha gamba jipya. Nimestaafu juzi tu, sababu kidole gumba hakikazi uzi tena. Sasa vijana mnanijia mkiuliza: "Mzee, kazi ile ilikuwaje?" Nami mtu akiniuliza habari zangu huwa sina haraka ya kunyamaza.

Aliyenifundisha ni Fundi Shee, mtu wa Lamu, mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea vitabu. Aliniona siku moja nikifunga robota mlangoni pa duka, akasimama, akalitikisa lile robota, akasema: "Mkono huu wajua kukaza. Ndoo kwangu kesho." Nikaenda. Mwaka mzima wa kwanza sikushika sindano. Nilipika uji wa gundi. Na uji wa gundi, wanangu, si uji wa kunywa. Unga wa ngano uchekeche mara mbili, moto uwe mdogo, ukoroge upande mmoja tu, na mwisho utie mrututu kidogo, yale mawe ya buluu, ili mende wasile.

Mimi siku moja niliona mrututu ni gharama, nikaacha. Nikaanika magamba kumi na mawili kichochoroni, nikaenda kunywa kahawa. Kurudi, nakuta mbuzi wawili wa jirani wanamalizia gamba la mwisho. Daftari za duka la nguo za mwaka mzima, nguo zao zimeliwa! Fundi Shee hakunipiga. Alinituma kwa mwenye daftari nikaeleze mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya wateja. Toka siku hiyo naweka mrututu hata pasipohitajika.

Lakini somo lake kubwa ni hili, na hapa tegeni masikio. Kitabu hakiundwi kwa karatasi moja moja. Karatasi kubwa hukunjwa mpaka ikatoa kurasa kumi na sita, na hiyo sisi tuliiita kunjo. Kitabu ni makunjo yaliyopangwa, kisha yakashonwa. Vitabu vya zamani vya mkono havikuwa na nambari. Mwandishi alikuwa anaandika chini ya ukurasa lile neno litakaloanza ukurasa wa pili, ili msomaji na fundi wasipotee. Kwa hivyo Fundi Shee alikuwa akisema: "Omari, nambari ni za karani. Soma neno la mwisho la kunjo hii, na neno la kwanza la kunjo inayofuata. Yakisalimiana, shona. Yakipishana bila salamu, weka sindano chini."

Kwa misahafu nilifanya hivyo kila siku. Kwa daftari sikuwa na haja. Kwa vitabu vya hadithi, nitawaambia ukweli, nilitazama nambari tu, nikavipitisha. Nilivihesabu kuwa ni vitu vya watu wasio na kazi.

Basi asubuhi moja, miaka hii hii ya tisini, akaingia dukani mwanamke wa makamo na kikapu kizito.

"Hodi, Fundi. Sabalkheri."

"Sabalkheri, mama. Karibu."

"Mkeo ameniambia wewe ndiye mjalidi bora kisiwani."

"Mke wangu ni mkweli sana," nikamwambia.

Huyo ndiye Bi Dorka. Asili yake Taita, Mkristo, mpiga taipu katika ofisi moja ya mambo ya bandari kwa miaka ishirini na saba. Amepanga chumba na ukumbi Bondeni, na kila Jumapili baada ya alasiri wanawake kumi hivi wa mtaa, na mke wangu Mama Rukia mmoja wao, hukusanyika ukumbini kwake. Huyu ana uteo wa mchele mapajani, yule anadarizi kofia, na Bi Dorka anawasomea riwaya kwa sauti mpaka magharibi ikaribie. Mke wangu ni heri akose arusi kuliko kukosa Jumapili hiyo.

Akavitoa vitabu mezani. Kumi na kimoja. Vingine mgongo umekwisha, vingine vimefungwa kwa mpira.

"Vyote hivi hadithi?" nikamuuliza.

"Riwaya. Nimevinunua kwa mshahara wangu, kimoja kimoja."

"Na mwisho si ni mmoja tu, mama? Wanaoana au wanakufa."

Akacheka. "Wewe umesoma ngapi, Fundi?"

"Hata kimoja. Mimi navivisha nguo, sivitazami matumbo."

"Na ukurasa ukipotea njia je?"

"Ukurasa wa Fundi Omari?" Nikamwonyesha rafu nzima ya kazi zangu. "Mama, mimi kurasa zangu hata zikitupwa baharini zitatoka zimepangana."

Akataka kila kimoja kiwe na rangi yake. Cha mapenzi kiwe chekundu, cha mauaji cheusi, na kadhalika. Nikaenda Biashara Street nikachagua mabaki ya kitambaa cha drili, na marekani ya kukaza migongo. Vinne vya kwanza nikampelekea baada ya wiki mbili, kile chekundu kikiwa kimojawapo. Akavipapasa kama mtu anayepapasa kitambaa cha arusi. Akalipa papo hapo. Saba vikabaki dukani.

Halafu masika yakaingia, na masika ni adui wa mjalidi. Gundi haikauki. Unabana kitabu katika jiriwa siku tatu, ukikitoa bado kinanata. Usijaribu kukitoa nje hata jua likichungulia, kitapinda kama ulimi wa kiatu. Subira tu. Na mimi sijui kukaa bure. Siku hiyo nikakitoa kile cha kijani, nikakifungua katikati kutazama kama gundi imepenya, jicho langu likaanguka kwenye mstari. Mtu mmoja anateka maji, na kutoka ndani ya kisima anaisikia sauti yake mwenyewe ikimwita jina.

Nikasoma mstari wa pili. Nikasoma nimesimama, kidole chini ya maneno, polepole. Kisha nikajikuta nimekaa. Adhana ya adhuhuri ilinikuta chai haijaguswa, imeweka utando. Mimi! Mtu ambaye nimepita makaburini na mizigo kichwani bila kugeuka! Kesho yake asubuhi nilimwambia Mama Rukia anitekee maji yeye kisimani uani. Akaniuliza kwani mimi nina nini. Nikamwambia mgongo.

Nikachukua cha buluu. Hicho kilikuwa cha mambo ya zamani, cha watu waliokamatwa kubeba mizigo ya vita vya wazungu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alirudi akaishi miaka mingi, na hakusema neno moja juu ya safari ile mpaka tukamzika. Sasa mimi nakaa kwenye kigoda changu Ndia Kuu, na mtu nisiyemjua, sijawahi kuuona uso wake, ananiambia kamba ya mzigo huanza kuuma wapi. Si begani, wanangu. Huanza chini ya sikio. Mimi nimebeba marobota miaka sita na najua kwamba ni chini ya sikio. Yeye amejuaje? Nikainua mkono nikajishika pale pale, nikakaa hivyo. Nikasema Subhanallah, huyu kaingia ndani ya ngozi ya babu yangu na mimi mjukuu nimebaki mlangoni.

Cha manjano kilikuwa cha bahili aliyejitia kufa ili awaone watakaomlilia. Waliokuja wote wakaja na hesabu za kumdai. Nilicheka hata sonara wa jirani akaja kutazama kulikoni. Na ndani ya kitabu kile niliwatambua watu watatu ninaowajua. Wawili wana maduka Biashara Street. Wa tatu ndiye anayewaambia maneno haya.

Sasa mnielewe. Miaka thelathini na zaidi nimewashika watu hawa kwa mikono yangu, nimewapaka gundi, nimewakata kingo, nimewabana kwa chuma, na sikupata kumuuliza hata mmoja jina lake. Nilikuwa nikifika nyumbani Mama Rukia ananieleza ya Jumapili, mimi naitikia "ehe, ehe" huku natafuta chumvi. Sasa mimi ndiye niliyekuwa namuuliza: "Na kile kingine kinasema nini?" Alinitazama kama aliyeletewa mume wa mtu mwingine.

Jumapili moja, mke wangu kisha kujifunga buibui, akaniambia mlangoni: "Leo twamaliza kile chekundu. Usiningoje mapema." Akaenda. Mimi nikateremka dukani na kile cheusi, cha mauaji, nilikuwa nimebakisha kidogo. Mwenye nyumba amekutwa amekufa ghalani, mlango umefungwa kwa ndani. Inspekta mmoja kiwete, mpole, amewakusanya wapangaji wote sebuleni. Nikafika mwisho wa ukurasa wa mia na sitini. Inspekta ananyanyua kidole. Anasema: "Aliyemuua ni..."

Nikafunua. Ukurasa wa mia na sitini na moja: "Tima alifuta machozi, akaomba hina iongezwe ndimu."

Lo! Nikapiga paja. Kumbe muuaji ni mwanamke, na jina lake halikutajwa kitabu kizima! Na tazama roho yake: anaonyeshwa kidole, yeye anaagiza ndimu! Nikasoma kurasa tatu nikiustaajabia ugumu wa moyo wa Tima. Nikasema waandishi hawa ni viumbe wa namna nyingine. Kwenye ukurasa wa nne ndipo nikaanza kujiuliza maiti amekwenda wapi. Hatajwi. Inspekta hatajwi. Pana shangazi, pana kasha, pana karani wa posta anayengojewa. Nikakigeuza kitabu, nikautazama uzi mgongoni. Uzi wangu. Fundo langu, lile ninalojisifia.

Nikakumbuka. Cheusi na chekundu nilivifungua siku moja, juu ya meza moja. Kimo kimoja, herufi zile zile, mtambo mmoja uliovipiga chapa, na kila kimoja kurasa mia na sabini na sita. Nilizitazama nambari: mia na sitini, mia na sitini na moja. Zimepangana. Nikashona. Kumbe kunjo ya mwisho ya mapenzi nimeitia kwenye mauaji, na kunjo ya mwisho ya mauaji iko kwenye mapenzi. Na cha mapenzi ndicho kinachosomwa hivi sasa Bondeni.

Msinicheke bado, sababu hamjajua kilichokuwa mezani. Wiki ile msikiti wetu ulikuwa unatafuta mjalidi wa misahafu sitini. Mwenye dhamana ya misahafu hiyo alikuwa Mzee Badi, mtu mzito wa maneno, na alikwisha kuniambia kazi ni yangu, ila atanipa jibu la mwisho Jumatatu. Na mkewe Mzee Badi hukaa mkeka wa mbele kwa Bi Dorka. Mwanamke yule habari ikimwingia sikioni saa kumi, saa kumi na moja imekwisha kuvuka kivuko. Fundi anayepotosha kurasa za hadithi, nani atamkabidhi maneno ya Mwenyezi Mungu? Si kazi ya siku moja ingenipotea. Ni jina langu lote, na duka nyuma yake.

Nikashika kisu, nikakata uzi wangu mwenyewe, nikaichomoa ile kunjo ya Tima, nikaitia kwapani ndani ya kanzu, nikatoka. Mvua ya manyunyu. Mimi, kitambi hiki, nakimbia kutoka Ndia Kuu mpaka Bondeni, watu wananiuliza: "Fundi, pana msiba?" Nasema: "Bado."

Nikafika nimechelewa. Madirisha ya ukumbi yako wazi, sauti ya Bi Dorka inatoka, na mwanamume hawezi kuingia. Kupiga hodi ningeweza, ndiyo. Lakini ningesema nini mbele ya mkewe Mzee Badi? Nikaketi juu ya baraza chini ya dirisha, mvua inanipiga magotini, kunjo iko mapajani. Nikamsikia akisoma: siku ya arusi imefika, Tima anaozwa tajiri mzee asiyemtaka, yule karani wa posta aliyempenda amekwenda kazi ya mbali na barua zake hazijaja hata moja. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayekueleza kitu chako. "...Tima akaketi, mikono mbele, wanawake wakaleta bakuli la hina." Hapo ndipo mwisho wa ukurasa wa mia na sitini. Nikausikia ukurasa ukifunuliwa.

Nilijua macho yake yanaona nini. Yanamwona Inspekta. Nikafumba yangu.

"Haya, Bi Dorka, watuua!" Huyo ni mkewe Mzee Badi.

"Ngojeni ninywe maji."

Nikasikia gilasi ikirudishwa juu ya meza. Kisha akaendelea, sauti ile ile, mwendo ule ule.

Nikafungua kunjo yangu, nikaweka kidole mstari wa kwanza. Aliyoyasema hayakuwamo. Nikashuka mstari wa pili. Hayamo. Katika karatasi Tima anaomba ndimu, halafu yule tajiri mzee anateleza ngazini anakufa, na hapo hapo karani anaingia na sanduku lake, wanaoana. Kwa Bi Dorka, Tima anaosha hina kabla haijashika. Anatumwa kwenye kasha la shangazi kutoa kitambaa, na chini ya kitambaa anazikuta barua zote, kumi na tisa, hazijafunguliwa. Anamwita shangazi. Shangazi anatetemeka, anasema: "Mwanangu, mimi sijui kusoma. Maishani mwangu karatasi iliyokuja nyumbani ilikuwa ya korti au ya deni. Nalikuficha wewe na shari, sikukusudia kukufichia kheri." Na Tima hamgombezi. Anamkalisha mkekani, anamfungulia barua ya kwanza, anamsomea. Kisha ya pili. Wageni wanagonga mlango, tarumbeta zinalia nje, yeye anamsomea shangazi yake barua. Alipofika ya kumi na tisa, shangazi mwenyewe akatoka barazani akawaambia watu wa bwana arusi: rudini kwenu.

Na kurasa akizifunua kwa wakati wake, ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba maneno yamo.

Wanangu, nimesema nimeona moto ukiuacha msahafu. Lakini sijaona kitu kama kile. Mtu amekaa kitini mwake, mbele yake pameandikwa habari za maiti na ghala, naye kinywani mwake inatoka nyumba nzima, shangazi, kasha, barua kumi na tisa, hakigongani kimoja na kingine. Ndani walikuwa wanalia. Nilimsikia mkewe Mzee Badi akipenga kamasi. Nami barazani, sitaficha, ile mvua usoni mwangu haikuwa mvua yote. Mama yangu mimi alikuwa anakimbia kila akimwona tarishi na karatasi mkononi.

Wanawake wakatoka. Mama Rukia akaniona.

"Baba Rukia! Wafanya nini hapa na mvua hii?"

"Nalikuja kukuchukua."

"Miaka ishirini na sita ya ndoa hujanichukua popote."

"Leo nimeanza."

Akanitazama juu mpaka chini, akawafuata wenziwe anacheka. Bi Dorka akabaki mlangoni na kitabu chekundu mkononi.

"Fundi Omari. Umekaa hapa toka saa ngapi?"

"Toka kabla ya hina."

"Basi umesikia. Na hicho ulichonacho?"

Nikampa ile kunjo. Akaitazama, akatikisa kichwa, akatabasamu.

"Mama," nikamwambia, "umewezaje?"

"Miaka ishirini na saba ninapiga taipu barua za mabwana. Bwana anasinzia katikati ya sentensi, mimi naimaliza, yeye anatia sahihi. Unadhani leo ndiyo mara yangu ya kwanza?"

"Na mwisho wa kitabuni hukuukumbuka?"

"Naukumbuka sana. Mzee anateleza ngazini. Sikuupenda tangu siku nilipokinunua." Kisha akaacha kucheka. "Fundi, hapa hakuna aliyejua, na mimi sitasema. Lakini nasikia unapewa misahafu ya msikiti. Hadithi nimeweza kuijazia. Ile, nani ataijazia?"

Nilirudi nyumbani taratibu, nikilowa kama mtu aliyeilipia mvua.

Jumatatu nilikwenda kwa Mzee Badi kabla hajaniita. Nikamweleza yote: nambari, makunjo, Inspekta. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Nani mwingine ajua?"

"Bi Dorka."

"Angesema?"

"Hangesema."

Akaiweka tasbihi yake kando. "Nakupa thelathini," akasema. "Thelathini yaenda kwa fundi mwingine. Na hiyo yako, hafidhi, mwenye Kurani yote kifuani, atakaa mezani pako, asikilize kila kiungo kabla hujatia sindano." Ndivyo ilivyokuwa, miezi minne, mimi nasoma neno la mwisho na la kwanza, hafidhi anaitikia kwa kichwa. Haukukosea hata mmoja. Mkewe akaipata habari vilevile, maana mume gani anaficha kitu kama hicho, na mpaka nastaafu watu wa Biashara Street walikuwa wananiita Inspekta. Niliwaitikia.

Toka hapo nimesoma riwaya thelathini na nne. Naweza kuwaambia kwa kidole ipi ni ya mtu aliyewahi kufanya kazi na ipi ni ya mtu aliyeisikia tu. Naweza kuwaambia za mauaji zisomwe asubuhi, za mapenzi zisisomwe na mtu mwenye njaa. Na nyinyi mnaotaka kujifunza kujalidi, sharti langu ni moja: hutashona kitabu dukani kwangu kabla hujakisoma. Mnaguna. Gunani.

Nilivifungua vitabu viwili vile, nikarudisha kila kunjo kwao, nikavipeleka. Wanawake wakataka wasomewe tena mwisho wa Tima. Bi Dorka akawasomea ulioandikwa. Wakagoma. "Siyo huu! Wapi barua?" Akawaambia ule mwingine ulikuwa wa siku ile tu, na nusu yake imekwisha kumtoka. Nami nikaingiwa na hofu ya ajabu, sababu mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu, anarudi kwao Taita, na ule mwisho haupo kitabuni wala popote duniani isipokuwa kichwani mwake, na unavuja. Nikamwendea. Nikamwambia auandike, mimi nitaushonea ndani ya kitabu chake chekundu, nyuma ya ule wa kwanza, na nakala moja nibaki nayo.

"Nitaupiga taipu," akasema. "Lakini maneno ya mabwana niliyapiga kwa mshahara, na yangu siyapigi bure. Shilingi thelathini na tano kila ukurasa, karatasi na kaboni juu yako."

Zikatoka kurasa tisa. Karatasi na kaboni, shilingi arobaini. Mimi, ambaye sinunui hata sindano bila kuvutana bei mpaka muuzaji aape kwa mama yake, sikumwambia apunguze senti moja. Nilifungua mkoba pale pale barazani, nikamhesabia kiganjani: shilingi mia tatu na hamsini na tano.